Farasi Namba Nne

Sikuwahi kumwona farasi.
Uyole tuna punda wa kubeba mkaa,
tuna ng'ombe wa maziwa wenye majina ya wasichana,
lakini farasi nilikutana naye kwa Gwakisa,
chumba cha bati, runinga mbili,
mwezi wa pili, mvua ikigonga paa
kama mtu aliyekuja kudai.

Dakika tatu, mbio. Dakika tatu, mbio nyingine.
Hawatoki jasho wale, hawanyi,
matope ya Mbeya hayawafiki kwatoni.
Nikamchagua namba nne kwa sababu alitingisha kichwa
kama anayekubaliana na mimi.

Niliweka buku, nikatoka na elfu kumi na nne.
Nikanunua nyama kilo moja, na mafuta ya kujipaka.
Subilaga akauliza: Umeuza nini?
Nikasema: Akili.
Tukacheka wote wawili.
Ilikuwa kweli, ila sikujua bado.

Mwalimu Mwaihojo alikaa benchi la mbele,
mikono ingali na chaki.
Asubuhi hufundisha watoto kwamba sarafu haina kumbukumbu;
jioni ananinong'oneza:
"Saba hajatoka mara kumi na moja, leo lazima."
Saba hakutoka.
Mwalimu akafuta chaki kwenye suruali, akaazima nauli.

Tuliuita mkeka, kile kikaratasi.
Mama yangu ana mkeka wa ukindu, wa kutoka Kyela,
umelaliwa na wagonjwa, umeanikiwa mahindi,
umebeba msiba wa baba siku tatu,
una miaka ishirini na haujachanika.
Wangu ulichanika kila baada ya dakika tatu
na nikaulipia tena.

Kilichonimaliza si kushindwa.
Kushindwa kungenirudisha nyumbani mapema.
Ni lile neno.
"Karibu!" alisema Gwakisa nikiingia.
"Karibu!" nilisema mwenyewe nikitoka,
karibu kabisa, amekosa kwa pua,
na kesho yake neno lilelile likanifungulia mlango.

Mwezi wa tatu nikawa nahesabu kwa viazi.
Debe moja kwa namba nne.
Gunia moja, lumbesa, limeshonewa kofia,
kwa namba nne na namba mbili wafuatane.
Hawakufuatana.
Mnunuzi wa lumbesa hukuibia mbele ya macho yako,
unamwona, unamtukana, mnaelewana bei.
Runinga haitukaniki.

Mbegu zilikuwa uvunguni, zimeanza kuota macho.
Nilipiga magoti usiku na tochi ya simu
na macho yote yale yakanitazama.
Nikazibeba hivyo hivyo.

Shamba la Isyonje lililala msimu mzima.
Majirani walipovuna, mimi nilisaidia kubeba,
nikalipwa viazi vya kula, vile vilivyokatwa na jembe.
Subilaga hakupiga kelele.
Alichukua daftari langu la namba,
akararua kurasa nilizoandika, akawashia moto,
zilizobaki akampa Lusajo afanyie hesabu za kutoa.

Mwezi wa saba nikaenda Mufindi, kibarua cha chai.
Baridi ile hukata vidole kabla ya jani.
Asubuhi moja, nyuma ya uzio wa bwana shamba,
nikamwona.

Mkubwa kuliko nilivyodhani. Ananuka.
Magoti yenye makovu, nzi machoni,
pumzi yake inatoka nyeupe kama ya kwangu.
Hakuwa na namba.
Nilikuwa na mengi ya kumdai yule mnyama,
msimu mzima, mbegu, mafuta ya kujipaka.
Aliinua kichwa, akanitazama,
na nikaona hanijui.

Nikampigia Subilaga.
"Nimemwona farasi."
Akanyamaza, nikasikia jiko likilia nyuma yake.
"Ameshika nafasi ya ngapi?"
"Amesimama tu," nikamwambia.
"Anakula majani."